Fildi ya Uhariri Igawa: Nani Atatia Saini?

Hoja: Jumuiya za watumia maji za Igawa, wilayani Mbarali, zipokee wanafunzi wa vyuo vikuu vya Iringa na Mbeya kwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya wiki nane kila mwaka, waandike na kuhariri miongozo ya wakulima bila kulipwa mshahara.

MHADHIRI: Naunga mkono, na nianze na linaloniuma. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana waliosoma Kiswahili, uandishi wa habari, biashara, uhandisi. Karibu wote wamepita kwenye somo la stadi za mawasiliano. Wanajua barua rasmi inaanzaje, muhtasari wa kikao unapangwaje, ripoti ina sehemu ngapi. Lakini wanavaa joho bila kuwahi kuandika karatasi moja ambayo mtu asiyewafahamu aliichukua, akaisoma na kuifuata. Anayesomea ualimu chuoni Mkwawa, Iringa, anapelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Wa uandishi wa habari anakwenda redioni au gazetini. Wa uhandisi kule MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, anakwenda karakana au barabarani. Anayetaka kazi ya kuandika miongozo na kunyoosha ripoti za wataalamu ziwafae watu, yeye aende wapi? Nasema aje hapa, kwenye mpunga, mahali ambapo sentensi mbovu inaharibu msimu wa mtu.

MWANAFUNZI: Shikamoo Dokta. Shikamooni wazee wangu, shikamoo mama. Napinga, ingawa kazi yenyewe naitaka. Wiki nane ni siku 56. Kuna nauli, chumba, chai, chakula cha mchana na cha usiku, vocha ya simu. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupata fungu la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo anategemea nyumbani. Hoja ikipita ilivyo, atakayekuja Igawa ni mtoto wa mwenye uwezo. Mwingine atatafuta ofisi iliyo jirani na kwa mjomba wake, hata kama kazi yake pale itakuwa kutoa fotokopi. Halafu kuna la pili. Mnasema tunakuja kujifunza. Mwongozo nitakaouandika mtauchapa, mtaubandika, mtautumia misimu mingi. Mwanafunzi wa useremala akikuchongea mlango, kweli amejifunza, lakini mlango umebaki kwako na usiku unafunga nyumba yako.

KATIBU WA JUMUIYA: Marahaba, mwanangu. Sikia na hali yetu. Jumuiya inaishi kwa ada ya wanachama. Ada hiyo inakwenda kwenye banio, inakwenda kufukua mfereji, inakwenda kulipia kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kule Iringa. Ikibaki, ni ya wino wa mhuri. Na makaratasi hayaishi. Tangu sheria ya rasilimali za maji ya 2009 tunatakiwa tuwe na katiba, sheria ndogo, rejista ya wanachama, ratiba ya zamu, taarifa ya fedha. Sheria ndogo tulizonazo zilitoka kwa wengine tukajaza jina letu. Ugomvi ukitokea mferejini, mgawa maji anazifungua, anasoma kifungu, kila mmoja anakielewa kwa upande wake, na ugomvi unaendelea pale pale. Mimi nina chumba na nina mchele. Fedha taslimu sina. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya.

MHARIRI: Chumba na mchele mtamalizana. Mimi nina swali moja: nani atamfundisha? Daktari akimaliza chuo anakaa mwaka mzima hospitalini akifanya kazi chini ya madaktari wenzake waliomtangulia. Mhandisi ana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ule wa SEAP ulioanza 2003, miaka mitatu akiwa chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mwanasheria anapita Shule ya Sheria. Hao wote wana mtu mzima wa kazi anayeangalia walichofanya na kuweka jina lake. Mwandishi wa miongozo hana. Atakuja hapa, atapewa meza na kompyuta, ataandika peke yake, na wiki ya nane Katibu atagonga mhuri. Katibu, nakuheshimu sana, shamba unalijua kuliko sisi wote. Lakini binti akiandika vibaya, utamwonyesha alipokosea?

KATIBU: Nitajua kama si kweli. Kama imeandikwa vibaya, hapo sina uhakika.

MHADHIRI: Msimamizi wa chuo yupo. Anakuja kumtembelea.

MWANAFUNZI: Anakuja, Dokta. Siku moja. Anakagua kitabu cha kumbukumbu, anauliza changamoto ni zipi, anatia saini na kuondoka kwa sababu kuna mwanafunzi mwingine Makambako na mwingine Chimala wanamsubiri. Simlaumu, ratiba yenyewe ndiyo hiyo. Lakini tusiite huo usimamizi wa uhariri. Hakuna aliyeketi nami kwenye aya.

MHARIRI: Niwape mfano mnione kwa nini nashikilia hapo. Mtu anaandika: "Changanya mililita 50 za dawa kwa bomba moja." Sentensi fupi, Kiswahili safi, mwalimu wa lugha ataipa alama zote. Sasa nendeni dukani. Kuna bomba la mgongoni la lita 15, lipo la 16, lipo la 20. Mwenye la 20 anapata mililita mbili na nusu kwa kila lita ya maji. Mwenye la 15 anapata zaidi ya tatu. Mmoja dawa yake ni kali kwa theluthi nzima kuliko ya mwenzake, na wote wawili wamefuata karatasi. Mhariri wa kazi hii anaiona sentensi hiyo na kuuliza: bomba la lita ngapi? Asiyefundishwa anaweka alama ya nukta na kuendelea.

MKULIMA: Naomba kusema. Mnabishana bomba, mimi mililita zenyewe sinazo. Napima kwa kifuniko. Vifuniko viwili, vitatu, namwaga. Na kifuniko cha chupa hii si sawa na cha chupa ile. Tena nikitaka dawa kidogo, dukani wananimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Lebo inabaki dukani. Hiyo karatasi yenu nzuri itanikuta wapi?

[Nakatiza hapa kidogo kama mwandishi. Neno hili la kifuniko na chupa ya maji lisomwe mara mbili na kila mtu anayeandika lebo ya kiuatilifu, awe Arusha kwenye makao ya mamlaka ya viuatilifu, awe Dar es Salaam kwa mwagizaji. Ule mshipi wa rangi chini ya lebo, mwekundu, wa njano, wa bluu au wa kijani, unaomwambia mtu ukali wa sumu aliyoishika, haumfikii anayenunua robo lita ya kumiminiwa. Naurudisha mjadala kwao.]

MHARIRI: Mama, hilo la kifuniko sikulifikiria.

MHADHIRI: Na ndiyo hoja yangu! Mzee, wewe umehariri vitabu miaka mingi na hukulijua. Binti atakaa hapa wiki nane, atamfuata mama shambani asubuhi, ataliona siku ya pili. Hakuna darasa la Iringa wala Mbeya litakalomwonyesha kifuniko. Uandishi wa kitaalamu hauanzii kwenye meza. Unaanzia pale mtu anapojaribu kufanya unachomwambia.

MWANAFUNZI: Dokta, umenipa hoja yangu mwenyewe. Kama nimeliona hilo la kifuniko, nimewafanyia kazi ambayo mtaalamu wa mjini angelipwa kuja kuitafuta. Miaka ya nyuma walikuja hapa kwenye bonde la Usangu watu wa miradi, kwa magari.

MHADHIRI: Walikuja, na tujifunze kwao. Mradi wa SMUWC ulikuwa hapa kati ya 1998 na 2001, ukafuatiwa na RIPARWIN uliomalizika 2005. Waliyachunguza maji ya Usangu kuliko yeyote, kwa sababu tangu 1993 mto Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka wakati wa kiangazi. Mto Mbarali una kituo cha kupimia hapa hapa Igawa. Takwimu za kituo hicho zimo katika ripoti na tasnifu kadha wa kadha, za Kiingereza, kwenye rafu za Morogoro na Uingereza. Lakini kipo kitu kimoja cha watu wale kilichowafikia wakulima. Profesa Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia alitengeneza ubao mrefu ulioinamishwa, umechongwa mto na mifereji. Gololi zinateremka badala ya maji. Kila mchezaji anaweka kijiti chake mtoni, ndilo banio lake, anakinga gololi. Wa juu akijaza shimo lake kwa pupa, wa chini anabaki anatazama shimo tupu. Wakulima wa Usangu waliucheza, wakacheka, halafu wakaanza kuzungumza zamu. Ule ubao ulifanya kazi ambayo kurasa mia tatu hazikuifanya. Nataka wanafunzi wangu wafike hapo, wajue kwamba mwongozo unaweza kuwa ubao, mchoro ukutani, tangazo la redio.

MKULIMA: Hizo ripoti za mto wetu mimi sijaiona hata moja.

MHADHIRI: Ndiyo maana nawaleta vijana, mama. Wazichukue, wazisome, wakuandikie kurasa mbili.

MHARIRI: Kurasa mbili kutoka kwenye kurasa mia tatu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, Dokta. Huko ndiko mtu anakata kilicho cha maana na kubakiza maneno. Ngoja nimjaribu binti kidogo, kwa ruhusa yake. Mwanangu, ripoti ya utafiti inasema, tuchukulie tu, kilo 80 za naitrojeni kwa hekta. Mwandikie mama.

MWANAFUNZI: Sawa. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kilo 80 gawanya kwa 0.46, inakuja kama kilo 174 za urea kwa hekta. Hekta ni ekari mbili na karibu nusu, kwa hiyo ekari moja inapata kilo 70. Ningeandika: "Kwa ekari moja, weka mfuko mmoja wa kilo 50 na kilo 20 zaidi." Ningetaja kilo kwa sababu mifuko ya kilo 25 nayo ipo.

MHARIRI: Hesabu ni safi. Kutaja kilo umefanya vizuri sana. Umesahau nini?

MWANAFUNZI: Nimesahau...

MKULIMA: Hukuniambia lini. Nimwage yote siku moja?

MHARIRI: Hilo la kwanza.

MKULIMA: Na la pili, ekari yangu ni ya hatua. Sabini kwa sabini. Mume wangu alikuwa mrefu, ekari aliyoipima yeye ni kubwa. Shemeji yangu akiipima ile ile anapata ekari na kipande. Mbolea niifuate hatua ya nani?

MWANAFUNZI: Ningeuliza, mama. Sikujua.

MHARIRI: Na hukupaswa kujua, uko mwaka wa tatu. Ila mtu aliyekaa pembeni yako angepaswa akuulize kabla karatasi haijatoka. Hayo ndiyo mafunzo. Kumpeleka mtu mahali na kumwacha hapo ni kumsafirisha tu. Halafu niwaambie jambo la zamani. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vya redio, vijitabu, vikundi vya kusoma vijijini, watu wapatao milioni mbili walishiriki, wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakachemsha maji. Kiswahili cha vijitabu vile kilikuwa rahisi kwa sababu kilifanyiwa kazi na watu waliojua wanamwandikia nani. Haikuwa kazi ya mgeni wa wiki nane.

MWANAFUNZI: Mzee wangu, hao walioviandika walikuwa wanalipwa?

MHARIRI: Walikuwa watumishi. Walilipwa.

MWANAFUNZI: Basi.

MHADHIRI: Usikimbilie "basi". Walikuwa wamekwisha kuhitimu. Wewe bado. Unajua Marekani walibishana jambo hili hili mahakamani? Vijana waliofanya kazi bila malipo kwenye filamu ya Black Swan walishitaki. Mwaka 2013 jaji wa New York akasema walistahili kuhesabiwa kama wafanyakazi. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikatoa kipimo kingine: tazama ni nani anayefaidika zaidi, kijana au mwajiri. Nakubali kipimo hicho. Hapa kijana anaondoka na kazi yenye jina lake, kitu cha kumwonyesha mwajiri yeyote Dodoma au Dar es Salaam. Jumuiya ya wakulima haitengenezi faida kama kampuni ya filamu.

MWANAFUNZI: Faida haihesabiwi kwa noti peke yake, Dokta. Ratiba ya zamu ikieleweka na ugomvi ukapungua mferejini, kuna mtu atavuna magunia ambayo asingevuna. Jumuiya imefaidika. Na kama mimi nimefaidika kidogo na wao wamefaidika sana, kipimo chako kinasema nilipwe.

KATIBU: Samahani, niulize jambo ambalo huenda litawaudhi wasomi. Kijana wangu ana simu. Anaiambia, "Andika sheria ndogo za jumuiya ya maji," na ile akili mnemba inaandika pale pale, kurasa nne, bila nauli wala chumba. Kwa nini nihangaike na mwanafunzi, aniletee maneno ya malipo?

MHADHIRI: Swali la haki. Na nisiwafiche, hata kwa wenzetu hali si nzuri. Society for Technical Communication, chama cha Marekani cha waandishi wa kazi hii, chenye historia tangu 1953, kilifunga milango Januari 2025 kwa kufilisika.

KATIBU: Unaona!

MWANAFUNZI: Mzee, chukua ratiba ya maji iliyoandikwa kwa Kiingereza, zamu ya mfereji wa kushoto inaanza 02:00. Simu ikikuandikia "saa 2 usiku", utaona kosa?

KATIBU: Saa 2 usiku ni saa 2 usiku.

MWANAFUNZI: Iliyokusudiwa ni saa 8 usiku. Mama atafika na jembe na tochi saa 2, atakuta maji yako kwa mwenzake. Atafungua kwa nguvu au atasubiri saa sita nzima kwenye mbu. Na karatasi imeandikwa vizuri, imepangwa vizuri, ina mhuri wako. Mashine inaweza kusahau kwamba siku yetu inaanza jua likichomoza. Labda kesho haitasahau. Leo ni mtu ndiye anayekamata hilo, na lazima awe mtu aliyezoea kusoma ratiba kama mtu atakayeifuata.

MKULIMA: Usiku wa zamu mimi nakwenda na mwanangu wa darasa la sita, kwa sababu ya giza. Mkinikosesha saa, mmetukosesha watu wawili usingizi na shamba halijapata maji.

KATIBU: Hilo limeniingia. Tuendelee.

MHARIRI: Mimi sasa nitoe pendekezo, maana kupinga tu hakunisaidii. Tugawe kazi. Mwanafunzi aanze na mihtasari ya vikao, rejista, matangazo ya mikutano. Akivuka hapo, aguse ratiba za zamu na sheria ndogo. Karatasi ya dawa na mbolea asiiandike peke yake kabisa. Hiyo ipite kwa afisa ugani kwa ajili ya ukweli wake, ipite kwa mhariri kwa ajili ya lugha yake, halafu asomewe mkulima mmoja na aambiwe: sasa fanya. Akikosea, kosa ni letu, tunarudi kuandika.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo nitakaa wiki sita kwenye mihtasari? Huo ndio mtindo wa fildi tunaoukimbia, mzee wangu. Mwanafunzi anapewa kisicho na hatari mpaka muda unaisha, kisha anaandikiwa kwamba alikuwa na nidhamu. Kazi ya dawa ndiyo yenye mafunzo. Nipe hiyo siku ya kwanza, ila uwe karibu yangu.

MHARIRI: Niwe karibu yako mara ngapi?

MWANAFUNZI: Siku mbili kwa wiki. Unasoma nilichoandika, unaweka alama, unaniuliza, naandika upya. Siku zilizobaki niko shambani na ofisini kwa Katibu. Mkinipa hilo, kwenye malipo nitapunguza sauti. Sijasema nitanyamaza.

MHADHIRI: Chuo hakina fungu la kumlipa mhariri wa nje aje Igawa mara mbili kwa wiki. Nasema ukweli. Tunalo la kumtembeza msimamizi, nalo halitoshi.

MKULIMA: Kwa hiyo mwanafunzi halipwi, mhariri halipwi, Katibu hana, chuo hakina. Na mimi ninayeandikiwa, ndimi ambaye sijaulizwa tangu mlipoanza kama nataka kuandikiwa.

KATIBU: Mama, wewe ni mwanachama. Unaulizwa kwenye mkutano mkuu.

MKULIMA: Niulizwe hapa. Ninachotaka kwanza si dawa wala mbolea. Nataka karatasi ya kuuzia mpunga. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analishindilia mpaka linaota kichwa, analihesabu moja. Mkataba unasema "gunia". Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, tunaisikia redioni kila msimu, lakini kwenye mkataba wangu hakuna kilo. Mwanafunzi aniandikie mkataba wa ukurasa mmoja wenye kilo. Huo nitaiona faida yake mwaka huu huu.

MWANAFUNZI: Huo naweza kuuanza kesho, mama.

MHARIRI: Huo nao una hatari. Ni karatasi ya kisheria. Nani atatia saini kwamba imepitiwa?

MHADHIRI: Jina la mwanafunzi liwe juu. Ndiyo heshima yake na ndiyo ajira yake.

MWANAFUNZI: Jina nalitaka. Lawama ya peke yangu siitaki. Mnunuzi akimburuta mama kwenye baraza la kata na ile karatasi, wataitafuta sahihi ya mtu mzima, na mimi nitakuwa Iringa nafanya mtihani. Wiki ya nane ikiisha kila mtu ananisahau, ila karatasi bado inafanya kazi.

MHARIRI: Mhariri kwa kawaida jina lake halionekani kitabuni, lakini kosa likitoka, mchapishaji anajua wa kumwita. Hapa mchapishaji ni nani? Ni jumuiya. Kwa hiyo, Katibu, wa kuitwa ni wewe, na wewe umekiri kwamba lugha huna uhakika nayo. Ndiyo maana nasema siwezi kuunga mkono hoja yenye mhuri usio na macho nyuma yake.

KATIBU: Umeniweka pabaya, lakini umesema kweli. Basi tupige hesabu mbele ya wote. Tuchukulie jumuiya ina ekari 600 zinazopata maji. Tukiongeza shilingi 1,000 kwa ekari kwenye ada ya msimu, tunapata 600,000. Wanafunzi wawili, siku 56...

MWANAFUNZI: Haifiki 5,400 kwa siku kwa kila mmoja. Na mhariri hamjamhesabu.

KATIBU: Mwanafunzi mmoja, basi. Yeye apate 300,000 pamoja na chumba na mchele, na 300,000 nyingine iwe nauli na posho ya mhariri.

MHARIRI: Siku mbili kwa wiki, wiki nane, ni safari kumi na sita. Nikitoka Mbeya mjini, hiyo ni chini ya shilingi 19,000 kwa kila safari, kwenda, kurudi na kula. Nitakuja. Vijana wenzangu wa kazi hii wenye watoto wa kusomesha hawatakuja.

MHADHIRI: Mwanafunzi mmoja! Nina darasa zima.

MWANAFUNZI: Afadhali mmoja aliyefundishwa, Dokta, kuliko ishirini waliotiwa saini.

MHADHIRI: Na hao kumi na tisa waende wapi? Ukishakuwa mhadhiri utanijibu. Mimi siwezi kumwambia mtoto wa watu kwamba nafasi ya kujifunza ilikuwa moja na imechukuliwa. Afadhali nimpe nafasi yenye kasoro. Wengi wetu tulijifunza kwenye nafasi zenye kasoro.

MHARIRI: Na wengine waliishia njiani, hatuwahesabu kwa sababu hawapo hapa kuzungumza.

KATIBU: Shilingi 1,000 kwa ekari lazima ipite mkutano mkuu. Mama, wewe una ekari tatu. Utanyoosha mkono?

MKULIMA: Elfu tatu kwa msimu si nyingi, na si kidogo pia, ni daftari za mtoto. Sitanyoosha mkono kwa maneno. Binti aandike huo mkataba wa kilo, mzee aupitie, niende nao kwa mnunuzi mmoja. Akiusaini, nitasimama mkutanoni na kuwaambia wenzangu waongeze hiyo elfu. Akiutupa, mtarudi kuniuliza alisema nini.

MWANAFUNZI: Na hiyo kazi ya mkataba wa kwanza, mama, nani ananilipa?